Kichupa cha Jovita

"Toa pasi, Pantaleo! Toa pasi!"

Mwaka ule wa 1984, siku zangu zote zilianza kwa kelele hiyo. Kabla kengele ya mstari haijagongwa, Mwalimu Eustace alikuwa ameshatupanga uwanjani, wavulana kumi na wawili, miguu mitupu, naye amening'iniza filimbi shingoni kwa kamba ya katani. Tulizunguka uwanja mbio mara kumi, tukaruka kichura, kisha tukadunda mpira kwa zamu. Mpira wenyewe ulikuwa mmoja tu, na fundi viatu alikuwa ameushona mara nyingi hata usingeweza kujua ngozi ya mwanzo ni ipi. Vikapu vyetu vilikuwa pete za chuma zilizotolewa kwenye mapipa, zimepigiliwa kwenye mbao juu ya nguzo mbili za mkaratusi.

Nilijua kudunda mpira kuliko wote, hilo silifichi. Kasoro yangu ilikuwa uchoyo. Mpira ukifika mikononi mwangu, simpi mtu. Nitazungukwa na watu watatu, nitabanwa hadi kwenye mstari, lakini pasi sitoi.

"Sheria inasema sekunde tano," Mwalimu alinifokea asubuhi moja. "Ukikabwa, ukakaa na mpira mkononi sekunde tano, filimbi inalia na mpira si wako tena. Una wenzako wanne uwanjani. Au unadhani nimewaweka pale kama mapambo?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kaptula.

Mwalimu alikuwa amejifunza mchezo huo wa kikapu jeshini, na alitulea kijeshi. Kila baada ya mazoezi alikagua kucha. Alituuliza tumekula nini. Mwisho alirudia maneno yale yale: "Maji ya kunywa yachemshwe. Kuoga ni bombani. Ziwani marufuku, hata kunawa miguu!"

Bombani! Foleni ya bomba ilianza alfajiri na kina mama walikuwa wakipigania zamu kwa ndoo. Sabuni nayo tulikuwa tumeisahau harufu yake. Mama alifulia majani ya mpapai, tukala ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano uliotoka kwenye msaada, na kipande cha sabuni kikipatikana dukani, watu walipanga foleni mchana kutwa. Nyumbani kwetu Nakwa, ukiteremka shamba la mahindi yaliyokauka, umefika ziwani. Sasa wewe niambie, mtoto ametapakaa jasho na vumbi, maji yanang'aa pale chini, ataacha kwenda?

Nilikwenda. Tulikwenda na rafiki yangu Herieli karibu kila jioni. Tulichungulia kwanza kama viboko wako mbali, maana hao ndio tuliowaogopa, kisha tukajitosa, tukajisugua kwa mawe. Tulikojoa humo humo, tukacheka. Mdogo wangu Jovita, aliyekuwa na miaka saba, alinifuata kila mahali na kazi yake ilikuwa kunishikia shati. Nilimwambia akae nchi kavu. Naye aliingia hadi magotini, akachezea matope akinisubiri, na mimi sikumtoa.

Halafu Jumatatu moja, katika choo cha shule, nikaona damu.

Ilikuja mwishoni, baada ya mkojo wa kawaida kuisha. Matone mekundu, na maumivu kama ya kuungua. Nikashika ukuta. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilijua jambo moja tu kuhusu damu: ikitoka ndani, mtu anakufa.

Nilimwambia Herieli peke yake, tena baada ya kumwapisha. Yeye alinizidi miaka miwili. Akacheka hadi akakaa chini.

"Wewe mshamba kweli! Mimi yangu ilianza mwaka jana. Hiyo ni dalili ya kukomaa. Kaka zangu wote walipita hapo hapo. Sasa umekuwa mwanaume, Panta."

Nilitaka sana kumwamini. Lakini mbona mwanaume alikuwa anazidi kuchoka? Mizunguko kumi ya uwanja ikawa mlima. Tumbo la chini liliuma. Kila nilipokwenda chooni nilifumba macho, nikahesabu hadi kumi, nikafumbua, na damu ilikuwepo pale pale.

Kwa nini sikumwambia Mama? Kwa sababu niliogopa. Niliogopa angeuliza damu imetokana na nini, nami ningetaja ziwa. Baba alikuwa Mbulu kwa babu tangu ukame uanze, akichunga ng'ombe wachache waliobaki, na Mama alikuwa amebeba nyumba nzima peke yake. Na kuliko yote, niliogopa kuachwa. Mwezi wa saba timu yetu ingepanda lori kwenda Arusha mjini kwenye mashindano ya mkoa. Sikuwahi kuiona Arusha. Nilijiambia kwamba mgonjwa hapandishwi kwenye lori, na nikafunga mdomo.

Nikaufunga miezi miwili.

Siku moja baada ya mazoezi, Mwalimu Eustace alikuja na mtu mwembamba aliyevaa kofia ya jua. Alikuwa Bwana Halidi, bwana afya wa zahanati.

"Hakuna atakayepanda lori bila kupimwa," Mwalimu alisema. "Kesho mchana, kila mmoja aje zahanati na kichupa chake chenye mkojo. Mkojo wako mwenyewe, uliokojoa mchana huo huo. Umesikika?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Mimi sauti haikutoka.

Kesho yake mchana nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa kwenye foleni dukani. Jovita alikuwa kivulini anamsuka mwanasesere wa gunzi. Nilichukua kichupa cha dawa ya macho kilichokuwa dirishani, nikakisuuza, nikampa.

"Kojoa humu."

Akakitazama. Akanitazama. "Kwa nini?"

"Ni mchezo."

"Mchezo gani wa kukojoa kwenye chupa?"

"Jovita, fanya haraka! Ukikojoa, nitakuachia mpira wetu uudunde."

Macho yakamtoka. Tangu mpira ule uletwe shuleni, alikuwa ameugusa mara moja tu, na nilimfukuza. "Mara ngapi?"

"Mara kumi."

"Kumi kamili? Apa."

"Haki ya Mungu."

Akaenda nyuma ya migomba. Aliporudi, mkojo ulikuwa wa njano safi kabisa, hauna hata tone jekundu. Nilipumua kwa mara ya kwanza siku ile. Hivyo ndivyo akili yangu ilivyokuwa: kilichoonekana safi ndicho kizima.

Zahanati tulipanga mstari. Herieli alikuja na chupa ya bia iliyojaa pomoni, na Bwana Halidi akashika kiuno. "Kijana, nimeomba kijiko, umeniletea kisima!" Wote walicheka wakashika mbavu. Mimi nilicheka meno tu. Nilitoa kichupa changu, na Bwana Halidi akaandika jina juu yake kwa kalamu: Pantaleo.

Kisha akatupima uzito kwenye mizani ya kupimia mahindi, mmoja mmoja, tunaning'inia kama magunia. Sikuelewa ni ya nini.

Siku ya tatu Mwalimu alitukusanya uwanjani. Alishika karatasi, Bwana Halidi kasimama pembeni na kiboksi.

"Kuna ugonjwa unaitwa kichocho," Mwalimu alianza. "Mdudu wake anakaa majini, kwenye konokono. Anapenya ngozi yako ukiwa ziwani, na wewe husikii kitu. Ukikojoa majini ukiwa mgonjwa, unawapelekea konokono mayai mengine. Damu kwenye mkojo si ukubwa, wala si uanaume. Ni kichocho. Saba kati yenu mnacho." Akamtazama Herieli, na Herieli akatazama vidole vya miguu yake. "Nitawasoma. Na nisikilizeni vizuri: mgonjwa hatupwi kwenye timu hii. Anatibiwa, anacheza."

Anatibiwa, anacheza. Miezi miwili yote nilikuwa nimeogopa kivuli! Nikatamani kulia pale pale.

"Herieli... Damasi... Romani..." Aliendelea. Jina la saba akasoma: "Pantaleo."

Nikasikia baridi kuanzia kisogoni hadi kwenye nyayo. Wengine walidhani nimeshtuka kwa ugonjwa wangu. La. Ule haukuwa mkojo wangu. Jina ni langu, lakini mwenye kichocho kilichoonekana kwenye hadubini ni Jovita. Jovita aliyekaa matopeni akinishikia shati.

Bwana Halidi alituita mmoja mmoja. "Dawa hizi nimezihangaikia hadi hospitali ya misheni. Zimehesabiwa kwa majina na kwa uzito wa kila mtu, hakuna cha ziada. Zinamezwa baada ya kula chakula cha kushiba, si kabla. Umeelewa?" Akanipa vidonge vitatu vikubwa vyeupe, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mwalimu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, na hata aliniuliza, "Pantaleo, una neno?" Nikaona fimbo. Nikaona Mama akiitwa shuleni. Nikaona wenzangu wakinicheka kwa mkojo wa mtoto wa miaka saba.

"Sina, Mwalimu."

Njiani kurudi nyumbani nilipanga mambo kwa werevu wangu. Mgonjwa ni Jovita, kwa hiyo dawa ni ya Jovita. Nitampa vyote, atapona, mimi nitajua la kufanya baadaye. Nilijiona mtu mwema kabisa!

Mama alikuwa hajarudi. Chungu kilikuwa kitupu, maana unga alikuwa ameufuata yeye. Nilimpa Jovita kidonge cha kwanza na kikombe cha maji. Alikunja uso.

"Kichungu!"

"Meza. Ukimaliza vyote, kumi zako ni kesho."

Akameza cha pili. Cha tatu alikitema mkononi, nikakifuta, nikamrudishia. Naandika haya mikono ikinitoka jasho mpaka leo.

Haikupita muda. Kwanza alisema kichwa kinazunguka. Halafu akatapika maji matupu. Akajikunja kwenye mkeka akashika tumbo, akaita, "Mama! Mama!" na Mama hakuwepo. Kisha akanyamaza. Nilimwita, akafungua macho nusu, akayafumba. Midomo ilikuwa imekauka.

"Jovita! Jovita, amka, tukadunde mpira!"

Hakujibu.

Nimemuua. Neno hilo ndilo pekee lililokuwa kichwani mwangu. Nimemuua mdogo wangu kwa mkono wangu, na kwa sababu ya lori la kwenda Arusha. Nilimweka mgongoni, nikamfunga kwa kanga ya Mama, nikatoka mbio.

Kutoka kwetu hadi zahanati ni mwendo wa kupanda. Jua lilikuwa bado kali. Kichwa chake kilinigonga begani kila hatua. Nilikimbia kama tulivyofundishwa, pumzi puani, mikono karibu na mwili, lakini tumbo la chini lilinikata kama kisu na magoti yakaanza kucheza. Watu waliniuliza kulikoni na sikuwajibu. Nilisema moyoni, nitafika mwenyewe, nitafika mwenyewe, na huku naona kabisa kwamba sifiki.

Herieli alikuwa amekaa kwenye daraja la mfereji. Aliponiona alisimama.

"Panta! Ana nini huyo?"

Nikampita. Nilitaka kumpita kweli! Hatua tatu mbele nikapiga goti chini, Jovita mgongoni, na sikuweza kuinuka.

"Nipe mimi," Herieli alisema. "Panta, nipe! Utamwangusha!"

Nikafungua fundo la kanga nikampa. Alikimbia naye, mimi nikimfuata nyuma nalia kwa sauti barabarani, bila aibu yoyote.

Bwana Halidi alimlaza Jovita kitandani, akamfunua macho, akashika mkono wake akitazama saa.

"Kala nini?"

Nikaanza kumfuta Jovita mdomo.

"Nimekuuliza kala nini. Usiponiambia, nitamtibu kitu gani? Nitabahatisha?"

Herieli alinisukuma kidogo mgongoni. Nikasema. Nilisema yote bila kupumzika: vidonge, njaa, kichupa, ziwa, damu ya miezi miwili. Nilipofika katikati, Mama alitokea mlangoni, kanga imemwanguka, mfuko wa unga mkononi. Alikuwa ameambiwa njiani. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama vile vile.

Bwana Halidi hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. Alikoroga maji yenye chumvi na sukari kidogo, akamnywesha Jovita kwa kijiko, taratibu. "Alipaswa kumeza kidonge kimoja na nusu, tena ameshiba. Wewe umempa vitatu juu ya tumbo tupu. Bahati yenu dawa hii si kali sana. Ingekuwa nyingine, tungekuwa tunazungumza mengine. Sasa tukae, tumwangalie."

Tukakaa. Sijui ilikuwa saa moja au mbili, najua tu kwamba sijawahi kukaa muda mrefu namna ile. Mama alimshika Jovita mguu na hakunitazama. Mwishowe alisema, kwa sauti ndogo, "Ningekupiga, Pantaleo. Lakini mikono inatetemeka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha yako, kifo kikaenda kumbishia hodi mwenzio."

Nikainamisha kichwa.

Jua lilipokuwa linagusa dirisha, Jovita alifungua macho. Alitazama dari, akamtazama Mama, akanitafuta mimi.

"Kaka," akasema, "hujanipa kumi zangu."

Mama aliangua kilio na kicheko pamoja. Mimi nilitoka nje nikakaa, nimeegemea ukuta.

Kesho yake Bwana Halidi alipima mkojo wangu mwenyewe, akaniita nichungulie kwenye hadubini. Niliona kitu kidogo cha mviringo, kina mwiba mdogo mwishoni. "Hilo ndilo yai," alisema. "Limekukwaruza ndani miezi yote hii. Sasa dawa yako ameimeza mdogo wako. Subiri nyingine ije."

Ilikuja baada ya wiki tatu. Timu ilikuwa imeshakwenda Arusha bila mimi, maana asiyetibiwa hakuruhusiwa kucheza. Nilisimama kando ya barabara nikawapungia mkono. Herieli, ambaye alikuwa amekula, akashiba na kumeza dawa yake, alinipungia kutoka juu ya lori hadi vumbi likamficha. Walishinda mchezo mmoja, wakapoteza miwili. Katika ile miwili walikosa mdundaji, walisema, na mimi nilimeza uchungu huo pamoja na vidonge vyangu, baada ya sahani kubwa ya ugali ambayo Mama aliisimamia hadi tonge la mwisho.

Adhabu ya Mwalimu ilikuwa pipa. Alilisimamisha nyuma ya uwanja, na mimi na Herieli, mwenzangu wa kuoga ziwani, tukapewa kazi ya kulijaza maji ya bomba kila alfajiri kabla kina mama hawajajaa, ili timu nzima iogee pale. Tuliteka maji hadi viganja vikaota sugu. Lakini hakuna aliyeteremka ziwani tena, na hata watoto wadogo tuliwafukuza kule.

Siku niliyorudi mazoezini nilikwenda na Jovita. Mwalimu Eustace alitunyamazisha wote, akaja hadi mbele yangu na mpira kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pantaleo, sheria inasema sekunde ngapi?"

"Tano, Mwalimu."

"Wewe umekaa na mpira miezi miwili. Ulikabwa na ugonjwa, ukakabwa na woga, na wenzako tulikuwa uwanjani tukinyoosha mikono: mama yako, mimi, Bwana Halidi. Hukutoa pasi. Kuogopa si kosa, hata mimi naogopa mambo mengi. Kosa ni kuogopa peke yako na kudanganya ili watu wasijue. Sikilizeni ninyi nyote. Mwili ukikuuma, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo. Dawa ya mtu mmoja haimezwi na mwingine. Na ukishasema uongo, usingoje, usahihishe mapema, kabla hajaumia asiyehusika."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema, na safari hii sauti ilitoka.

Akanirushia mpira. Niliudaka, nikausikia ule uzito niliouzoea, mshono chini ya kidole gumba. Timu nzima ilikuwa inanitazama. Jovita alikuwa amesimama kwenye mstari, mikono ameikinga mbele, ameshaanza kuhesabu kwa midomo.

Nikampa pasi.

Aliudunda mara nne ukamtoroka. Akaukimbilia, akaurudisha, akanitazama kwa ukali.

"Hizo hazihesabiwi," alisema. "Naanza upya. Moja!"